Dawa ya kuku ipi, kwa mdudu gani?

Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifika Bariadi, mkoani Simiyu, kuzindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Mwenye ng'ombe, mbuzi na kondoo aliambiwa atachangia sehemu ya gharama na serikali itabeba nyingine. Kuku wa asili wao walipangiwa chanjo ya bure. Katika mkoa ambao ukitaja mifugo kila mtu anafikiria ng'ombe, hilo halikuwa jambo dogo. Kuku, mali ya akina mama na watoto, ambaye wanaume wengi wa Usukumani hawamhesabu wanapotaja utajiri wao, aliingia kwenye mpango wa taifa.

Chanjo, hata hivyo, ina kazi yake na mipaka yake. Inamkinga kuku na kideri na maradhi mengine ambayo imetengenezwa kuyazuia. Haimuui mnyoo tumboni, haimgusi utitiri manyoyani, wala haimfukuzi papasi aliyejificha kwenye ufa wa ukuta. Kwa hao, mfugaji wa Itilima au Meatu bado amebaki peke yake mbele ya kaunta ya duka la dawa za mifugo siku ya mnada, na anachosema hapo ni maneno manne: "Nipe dawa ya kuku."

Dawa hiyo haipo. Hakuna kopo moja linaloua kila kinachomnyonya kuku, na anayeuza kitu kwa jina hilo anauza bahati nasibu.

Tazama yanayotokea baada ya maneno hayo manne. Muuzaji anauliza wanaumwaje. Mama anajibu wanakonda, wanasinzia, wanaharisha. Dalili hizo tatu zinaweza kuwa za minyoo, za kuhara damu, za homa ya matumbo, hata za mwanzo wa kideri chenyewe, na kuku aliyeishiwa damu kwa kunyonywa na utitiri usiku kucha naye atasinzia mchana. Muuzaji hana hadubini, ana foleni ya watu nyuma ya yule mama. Mara nyingi mkono wake unakwenda kwenye pakiti ya unga wa njano, OTC, kwa sababu inauzika na haina kesi. Ule unga ni antibayotiki. Unapambana na bakteria. Mnyoo wa kuku anaweza kuogelea ndani yake na asipate hata kizunguzungu.

Kuku akipona baada ya hapo, sifa inakwenda kwa unga. Akifa, inasemwa ugonjwa ulikuwa mkali. Vyovyote vile hakuna aliyejifunza kitu, na bakteria waliobaki tumboni mwa kuku wengine wamepata fursa ya kuizoea dawa ambayo binadamu naye anaihitaji.

Kwamba kuku wa kienyeji wana minyoo si jambo la kubahatisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakishirikiana na wenzao wa Denmark, walichunguza kuku wanaojitafutia chakula mkoani Morogoro na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Takriban kila kuku aliyepasuliwa alikutwa na minyoo, na wengi walikuwa na aina kadhaa kwa pamoja. Hakuna sababu ya kudhani kuku wa Simiyu, anayeparua jalala lilelile asubuhi na kulala jikoni usiku, ana tumbo safi kuliko la mwenzake wa Morogoro. Kwa hiyo swali la maana kwa mfugaji ni minyoo gani, na mingi kiasi gani.

Hapo ndipo uchaguzi wa dawa unapoanzia. Minyoo wa kuku wako katika makundi yenye tabia tofauti. Kuna wale wa duara, wakubwa, weupe kama tambi, wanaoitwa kitaalamu Ascaridia galli. Hukaa kwenye utumbo mwembamba na wakizidi huuziba kabisa. Kuna wadogo wa aina ya Heterakis wanaokaa kwenye vifuko vilivyo mwanzoni mwa utumbo mpana. Hao kuku mwenyewe huwavumilia, ila hubeba kijidudu kinachoua bata mzinga, jambo la kuzingatia kwa anayefuga ndege hao wawili kwenye ua mmoja. Kuna minyoo wembamba kama unywele, Capillaria, ambao jicho huwapita bila kuwaona na bado wanadhoofisha kuku vibaya. Halafu kuna tegu, wale bapa wenye pingili, ambao kuku huwapata kwa kula sisimizi na mbawakawa waliobeba mabuu yao.

Piperazini, dawa ya bei ndogo na ya siku nyingi, humlegeza mnyoo wa duara aliyekomaa mpaka anatoka na kinyesi. Kwa Heterakis nguvu yake ni ndogo, kwa tegu haina. Levamisoli inafika mbali zaidi kwa minyoo ya duara, lakini tegu nayo inamwacha. Albendazoli na fenbendazoli zina wigo mpana, na kwa baadhi ya tegu hufanya kazi kipimo kikiwa kamili. Aliyethibitisha kuwa shida yake ni tegu anahitaji prazikwanteli au niklosamidi, na anahitaji pia kuondoa samadi iliyolundikana karibu na banda, kwa kuwa mbawakawa wanazaliana humo na kuku atakula tegu wapya juma linalofuata. Mama aliyenunua piperazini kutibu tegu hajadanganywa na kopo. Kopo limeandika ukweli, kwa lugha ambayo hakusomeshwa.

Lugha ya maandishi hayo inastahili kusemwa wazi. Dawa nyingi za mifugo zilizopo kwenye rafu zimetoka nje, na maelezo ya muhimu kuliko yote, yaani kipimo, mnyoo anayelengwa na siku za kusubiri kabla ya kula mayai au nyama, yamechapwa kwa Kiingereza kwa herufi ndogo kuliko punje ya uwele. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ndiyo inayosajili dawa hizo. Haitakuwa kuwaonea wenye viwanda ikidai karatasi ya Kiswahili ndani ya kila boksi.

Mpaka siku hiyo ifike, mfugaji ana maabara ambayo hailipiwi: jiko lake. Kuku anapochinjwa kwa ajili ya mgeni au sikukuu, utumbo wake unaoshwa na mtu, na mtu huyo kwa kawaida ni mama mwenye kuku. Akiupasua utumbo kwa urefu ndani ya beseni la maji, atawaona wa duara na atawaona wenye pingili. Asubuhi bandani, kinyesi chenye vipande vyeupe mfano wa punje za wali kinataja tegu. Kuku akishikwa, kidari kilichochongoka kama kisu kinasema amekonda muda mrefu, na upanga wa kichwani uliopauka unasema amepungukiwa damu. Anayetaka uhakika zaidi apeleke kinyesi kibichi kwa afisa mifugo. Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, una kituo Mwanza. Ni safari, lakini kinyesi cha kundi zima la kijiji kinaweza kusafiri kwenye mfuko mmoja.

Namna ya kumpa dawa nayo ina mitego. Vitabu vinasema weka kwenye maji ya kunywa. Kuku wa kienyeji ana maji mengine: ya dimbwi, ya sufuria iliyosahauliwa, ya kwa jirani. Masika yakishika ndiyo kabisa. Kuku aliyekunywa robo ya kipimo hakutibiwa. Ameacha hai minyoo wenye nguvu ambao watazaa wenzao. Ni afadhali maji yaondolewe jioni, kisha alfajiri kabla banda halijafunguliwa dawa itolewe kwenye maji machache yatakayoisha upesi, au ichanganywe na pumba iliyoloweshwa kidogo. Wakishamaliza ndipo mlango ufunguliwe.

Halafu kuna jambo ambalo lilipaswa kutangazwa kwa kipaza sauti pamoja na kampeni ya chanjo. Watafiti wa Denmark walionyesha mwaka 2014 kwamba kuku mwenye Ascaridia galli huitikia chanjo ya kideri kwa udhaifu kuliko asiye naye. Mnyoo huvuruga kinga ya mwili yenyewe. Ndiyo maana wataalamu hushauri kuku wapewe dawa ya minyoo wiki moja au mbili kabla ya kuchanjwa. Chanjo ya kideri ya I-2 inayotengenezwa na TVLA huko Kibaha, ile ya tone moja la jicho, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Dawa ya minyoo kwa kuku wanaozurura nayo hushauriwa kwa muda huohuo. Kalenda ni moja. Serikali kutumia fedha kwenye chanjo huku minyoo ikiachwa iidhoofishe ni hasara ambayo pakiti moja ya dawa ingeipunguza.

Kuhara damu kunahitaji maneno machache tu, lakini yasikike. Kunaletwa na vijidudu vya Eimeria, ambavyo si minyoo wala si bakteria, na huwakamata hasa vifaranga wa wiki tatu hadi sita mahali penye unyevu. Dawa ya minyoo hapo ni maji matupu. Inayotumika ni amproliamu au dawa za sulfonamidi za kunywesha. Amproliamu humnyima kijidudu vitamini B1 kwa kujifanya ndiyo vitamini hiyo. Kwa hiyo mfugaji anayechanganya amproliamu na vitamini kwenye ndoo moja, kwa nia njema ya kuwapa nguvu vifaranga, anamlisha adui aliyekuja kumuua. Vitamini zingoje dawa imalize siku zake.

Sasa wadudu wa nje. Hapa ndipo Simiyu inatofautiana na mikoa mingine, na ndipo hatari kubwa ilipo.

Mkoa huu, uliomegwa hasa kutoka Shinyanga mwaka 2012, ndio kitovu cha pamba ya Tanzania. Msimu ukifika, ekapaki za dawa ya pamba husambazwa kwa wakulima kupitia vyama vya msingi, AMCOS, na bomba la kupulizia liko karibu kila kaya. Ng'ombe nao wana dawa yao ya kuogeshea, na chupa iliyobaki husimama pembeni ya nyumba. Utitiri ukianza kutembea mikononi mwa mtoto anayeokota mayai, sumu mbili tayari zipo nyumbani na hazihitaji nauli ya kwenda mjini. Kishawishi ni kikubwa. Watu hupulizia banda kwa bomba lilelile la pamba, wengine humtumbukiza kuku mzima kwenye maji ya kuogeshea ng'ombe, na kuku akianza kutetemeka na kutoa ute mdomoni husemwa ni kideri.

Utetezi unaosikika ni kwamba mbona dawa ya unga ya kuku na dawa ya pamba zina sumu ya jamii moja. Ni kweli kwamba baadhi ya dawa zote mbili ni za kundi la pairethroidi. Lakini dawa ya shamba imekolezwa kwa kipimo cha eka, imechanganywa na vimumunyisho vya kupenya kwenye jani, na hakuna aliyepima inakaa siku ngapi ndani ya yai. Dawa iliyosajiliwa kwa kuku imepimwa hivyo. Viuatilifu vya shambani viko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na dawa za mifugo ziko chini ya TMDA, kwa sababu hakuna anayekula pamba kwa kifungua kinywa kama anavyokula mayai.

Anayeona haya ni mambo ya vijijini tu akumbuke Ulaya mwaka 2017. Mashamba makubwa ya kuku wa mayai ya Uholanzi na Ubelgiji yalipuliziwa dawa ya kuua utitiri mwekundu iliyosifiwa kuwa ya mitishamba, kumbe ilitiwa fiproni, sumu isiyoruhusiwa kwa mifugo wa chakula. Mamilioni ya mayai yaliharibiwa, mashamba yakafungwa, na mayai yenye sumu yakafuatiliwa katika nchi zaidi ya 40. Wenzetu hao walikuwa na maabara kila kona. Sisi yai la Bariadi linatoka kiotani hadi kwenye chipsi mayai ya Mwanza bila mtu kuliuliza swali.

Ivermektini nayo iingie hapa, kwa kuwa imekuwa mtindo. Sindano ya ng'ombe inadondoshwa shingoni mwa kuku, na kweli utitiri unapungua. Kinachofichika ni kwamba dawa hiyo ya sindano haikuandaliwa kwa kuku wa mayai, hubaki ndani ya yai, na haimwui tegu hata mmoja. Anayeitumia bila daktari wa mifugo na bila kuyatupa mayai anailisha familia yake dawa.

Lipo jambo la kufurahisha katika wadudu wa nje: wengi wao hushindwa kwa akili kuliko kwa sumu, mradi mtu amjue anayepambana naye. Viroboto wanaong'ang'ania kuzunguka macho na ndevu za kuku hadi kichwa kinaonekana kama kimepakwa chembe za kahawa huzibwa pumzi kwa mafuta ya mgando, yaleyale ya kujipaka. Upele wa miguu, ambao magamba yake huinuka na kuwa kama maganda ya mti, ni kazi ya utitiri wanaochimba chini ya ngozi. Miguu ioshwe kwa sabuni, ipakwe mafuta mazito na irudiwe kwa majuma kadhaa. Mafuta ya taa yanayopendwa na wengi yanaunguza ngozi.

Chawa huishi maisha yao yote juu ya kuku, kwa hiyo atibiwe kuku mwenyewe, na arudiwe baada ya siku kama kumi ili wapatikane walioanguliwa kwenye mayai yaliyosalia. Papasi na utitiri mwekundu ni kinyume chake. Hao hula usiku na kurudi kwenye nyufa kabla ya mapambazuko. Mfugaji anayempaka kuku dawa mchana anamtibu asiyekuwa na mdudu. Papasi aliyekomaa aweza kukaa zaidi ya mwaka bila kula, hivyo hata kuliacha banda tupu msimu mzima hakumwondoi, na akiuma hupitisha vijidudu vya homa inayoua kuku wengi kwa mkupuo. Dawa yake iko kwenye nyumba: nyufa zizibwe kwa udongo, fito kuukuu zichomwe, viota vibadilishwe nyasi, maji ya moto yamwagwe kwenye maungio, kisha dawa iliyosajiliwa ipuliziwe kwenye kuta wakati kuku wako nje.

Majivu? Yanasaidia, na dharau ya baadhi ya wasomi kwayo haina msingi. Kuku huoga vumbi kwa asili, na vumbi laini hukausha ngozi ya chawa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini Riverside walipoweka masanduku ya vumbi kwenye mabanda, mwaka 2012 waliripoti kwamba kaolini na vumbi la aina hiyo lilipunguza wadudu kwa kuku waliolioga, lakini salfa iliwamaliza hata kwa ambao hawakuingia sandukuni. Salfa ya unga si mgeni nchini. Wakulima wa korosho wa Mtwara wanaifahamu vizuri. Pareto, ambayo Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wake wakubwa duniani, nayo huua wadudu wa manyoyani na huvunjika upesi juani. Ajabu ni kwamba ua linalolimwa Iringa na Mbeya ni nadra kulikuta likiwa dawa ya kuku kwenye rafu ya Bariadi.

Kwa minyoo, mitishamba inadai tahadhari zaidi. Utomvu wa papai umeonyesha nguvu dhidi ya minyoo wa duara katika majaribio, lakini shubiri na pilipili zinazosifiwa kila kijiji hazina kipimo kinachojulikana, na kuku aliyetibiwa kwa pilipili anaweza kubaki na minyoo yake.

Kinachowezekana sasa hivi hakihitaji mradi wa wafadhili. Kopo la dawa hutosha mamia ya kuku, na kaya yenye kuku 12 hulinunua, hutumia kijiko kimoja, kisha hulihifadhi juu ya kenchi mpaka muda wake unapita. Kaya kumi za jirani zikinunua pamoja na kuwapa kuku dawa asubuhi moja, gharama hugawanyika, na kuku wanaochanganyikana mchana hawaambukizani upya kesho yake. Vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa tayari vipo. Halmashauri zina mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kinachokosekana ni afisa mifugo wa kata kukaa na kikundi saa moja na kuwaonyesha utumbo uliopasuliwa.

Halmashauri za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega zinapotangaza duru ijayo ya chanjo ya kuku, ziongeze sentensi moja kwenye tangazo la mnadani na la msikitini na la kanisani: wapeni dawa ya minyoo wiki mbili kabla, na ekapaki ya pamba isiingie bandani.